Mashine ya kusaga inapokataa kumeza nafaka: Chanzo na hatua za kuchukua

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, sawa na katika kitongoji cha Mtandire jijini Lilongwe, ugali wa siku hupitia kwanza kwenye mashine ya kusaga, ambayo Wamalawi huiita chigayo. Mashine hiyo ikikwama, foleni hurefuka, ufa hutoka ukiwa na moto, na mahindi yaliyopatikana kwa taabu huweza kuharibika. Mara nyingi, hata hivyo, tatizo halianzii kwenye injini, bali kwenye nafaka yenyewe au namna inavyotiwa.

Mashine nyingi za aina hii husaga kwa nyundo. Nafaka humiminwa katika bakuli la juu, hushuka kupitia kilango, kisha huingia katika chumba ambamo vipande vya chuma huzunguka kwa kasi na kuiponda. Ufa hupenya matundu ya chekeche, nao upepo huupeleka hadi mfukoni. Njia hiyo ikizibwa popote, dalili huonekana bakulini, kwa kuwa nafaka haina tena pa kwenda.

Unyevu na vipande vikubwa

Wapendao ufa mweupe hukoboa mahindi, huyaloweka, kisha huyaanika. Yasipokauka vyema, hushikamana bakulini na kuziba chekeche. Familia nyingi zenye asili ya Kongo nazo husaga muhogo mkavu, peke yake au pamoja na mahindi. Vipande vikubwa vya muhogo hukamatana juu ya kilango, chini pakabaki patupu. Dawa yake ni kuvitwanga kwanza viwe vidogo.

Ukavu wa punje za mahindi hupimwa kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache, kisha uiache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu na yarudishwe juani.

Sikiliza mlio

Bakuli likiwa limejaa huku mashine ikivuma kwa wepesi, nafaka haishuki: kilango kimefungwa au nafaka imekamatana juu yake. Mlio ukiwa mzito na ukizidi kufifia, nafaka inaingia kwa wingi mno; punguza kilango, kisha kagua chekeche na mfuko kama vimeziba. Harufu ya mpira ulioungua huashiria mkanda uliolegea. Punje zisizosagika zikianza kuonekana ghafla katika ufa, huenda chekeche limetoboka. Kazi ikipungua kasi siku hadi siku, nyundo huenda zimelika pembe. Nyingi huweza kugeuzwa upande wa pili kabla ya kununuliwa mpya.

Usalama kwanza

Hatari kubwa zaidi ni kuingiza mkono au kijiti ili kusukuma nafaka iliyokwama. Nyundo huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya mashine kuzimwa. Mwendesha mashine anapaswa kufunga kilango, kuzima, kungoja hadi kila kitu kisimame kabisa, na kuhakikisha hakuna anayeweza kuiwasha, ndipo azibue. Watoto waliotumwa kusagisha wasikaribie bakuli wala mkanda.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kilango kifungwe mara moja na swichi izimwe. Nafaka iliyobaki chumbani iondolewe kabla ya kuwasha tena, kwani mota inayoanza ikiwa imeelemewa huweza kuungua. Mteja naye ana sehemu yake: kupepeta nafaka na kutoa mawe na misumari kabla ya kufika mashineni. Msumari mmoja hutosha kutoboa chekeche, na siku hiyo foleni nzima ikarudi nyumbani bila unga.