Brashi za Makiyaji: Kuosha Bila Kukausha Hakutoshi

Jumamosi ya harusi, saluni za Katuba, hapa Lubumbashi, hufunguliwa alfajiri. Bibi harusi, wasindikizaji na mashangazi wa pande zote mbili hukaa foleni kungoja kupambwa, na mara nyingi brashi iliyopita kwenye shavu la wa kwanza ndiyo itakayopita kwenye shavu la wa mwisho. Nawaheshimu mafundi hawa, kazi yao ni ya kuchosha. Lakini kinachobaki kati ya nywele za brashi wateja wakishaondoka kinanitia wasiwasi.

Hubaki mafuta ya fondoteni, poda, jasho na ngozi iliyokufa. Kwa bakteria, hicho ni chakula. Yupo mmoja, Staphylococcus aureus, anayeishi puani mwa takriban watu 3 kati ya 10 bila kuwadhuru. Akipata upenyo, tuseme chunusi iliyotumbuliwa au nyusi iliyochubuliwa na wembe, huleta majipu na usaha. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, walitangaza matokeo ya kupima vipodozi 467 vilivyokwisha kutumiwa, pamoja na sponji za kupakia fondoteni. Kati ya asilimia 79 na 90 ya vipodozi hivyo vilikuwa na bakteria. Sponji ndizo zilizotisha zaidi: asilimia 93 hazikuwahi kuoshwa, na asilimia 64 ziliwahi kuanguka sakafuni, kisha zikaokotwa na kuendelea kutumiwa.

Huku kwetu kuna shida nyingine. Bomba la REGIDESO, shirika la maji, hukatika, na maji huja kwa bidoni kutoka kisimani au kwenye foraji (kisima kirefu). Mtu aliyebeba bidoni kichwani hawezi kuyamwaga maji hayo kwa ajili ya brashi. Kwa bahati nzuri, seti nzima ya brashi haimalizi hata nusu ndoo.

Tia maji ya uvuguvugu kwenye bakuli pamoja na sabuni laini, kwa mfano shampuu ya watoto. Maji matupu hayafai kitu, kwa sababu poda imejifunga ndani ya mafuta na nta. Chembe ya sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, ndiyo maana uchafu hukubali kuondoka. Chovya nywele tu, ncha ikitazama chini, zungusha taratibu kiganjani, suuza, rudia mpaka maji yatoke safi. Yasipande hadi kwenye bomba dogo la chuma linaloshika nywele, kwa kuwa ndani yake mna gundi, na gundi ikilegea brashi itaanza kunyonyoka. Visima vingi vifupi viko karibu na vyoo, hivyo suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Javeli iache kwa sakafu: huharibu nywele za brashi, na mabaki yake huwasha ngozi.

Kazi ambayo wengi huiacha nusu ni kukausha. Brashi mbichi iliyotiwa ndani ya mfuko ni hatari kuliko brashi kavu yenye vumbi la poda, maana bakteria na kuvu hutaka unyevu kwanza. Usiisimamishe ndani ya kikombe, maji yatashuka kwenye gundi. Ikamue kwa kitambaa safi, ilaze mezani, nywele zikining'inia nje ya ukingo ili hewa ipite pande zote. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi ni kavu na hata brashi nene hukauka upesi, ila vumbi ni jingi: kausha ndani, mbali na barabara. Mvua zikianza, kuanzia Novemba hivi, huenda usiku mmoja usitoshe. Osha mapema, na kama zimebaki na unyevu, usizitumie. Usizisogeze kwenye mbabula (jiko la makaa) kwa kuharakisha, joto hulegeza gundi na kukunja nywele za nailoni.

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani hushauri kuosha brashi kila baada ya siku 7 hadi 10. Hiyo ni kwa mtu anayejipamba mwenyewe. Saluni ioshe kila jioni, na kati ya mteja na mteja ifute poda, kisha inyunyize alkoholi ya asilimia 70 na kungoja ikauke. Ile ya asilimia 95 haina nguvu zaidi: hupotea hewani haraka mno, na bila maji kiasi haivunji vizuri protini za bakteria. Mbabula ikiwa inawaka, chupa ya alkoholi ikae mbali.

Sponji haitakasiki kwa kunyunyiziwa, kwani alkoholi haifiki katikati yake. Kila mteja awe na yake. Brashi ya maskara pia isigawanywe, wala kalamu ya macho isilowanishwe kwa mate. Jicho likiwa jekundu na kutoa usaha, acha makiyaji na utupe maskara hiyo. Macho yakiona ukungu, au mwanga ukiyaumiza, nenda hospitali siku hiyohiyo.