Programu huria: tuisome leseni kabla ya kununua

Vyuo vikuu vinapotafuta programu za kompyuta za kuendeshea maktaba au masomo, mara nyingi programu huria huachwa kando hata kabla ya zabuni kutangazwa. Sababu moja kubwa ni kutoelewa leseni zake. Matokeo yake, fedha ambazo zingenunua vitabu huweza kuishia kwenye ada za leseni kila mwaka. Hapa tunaeleza mawazo manne potofu kwa kutumia mfano wa Koha, programu ya maktaba iliyoanza kuandikwa New Zealand mwaka 1999 na kutolewa kwa watu wote mwaka 2000.

"Haina mwenyewe, kwa hiyo si halali"

Si kweli. Walioandika Koha wana hakimiliki. Kwa leseni iitwayo GPL, wanampa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Leseni hiyo ni hati ya kisheria. Ni vizuri chuo kiitunze kwenye jalada la ununuzi pamoja na mikataba mingine.

"Ni ya bure, kwa hiyo haihitaji bajeti"

Ada ya leseni haipo, lakini zipo gharama za seva, kuhamisha kumbukumbu za zamani, kuwafundisha wakutubi na matengenezo. Chuo kisipotenga fedha hizi, programu itakaa bila kutumika.

"Tukiibadilisha, lazima tutoe kila kitu chetu"

GPL inamtaka anayempa mtu mwingine programu ampe pia haki ya kupata msimbo wake. Chuo kinachoibadilisha kwa matumizi yake chenyewe hakidaiwi kuutoa. Majina ya wasomaji na kumbukumbu za uazimaji si sehemu ya programu, na leseni haizigusi. Hata hivyo, leseni hazifanani. Ile iitwayo AGPL inamtaka aliyebadilisha programu awape msimbo hata wale wanaoitumia kupitia mtandao.

"Ikiharibika hatuna wa kumwita"

Chuo kinaweza kutangaza zabuni ya huduma. Kwa kuwa msimbo uko wazi, kampuni yoyote yenye ujuzi inaweza kushindana. Mtoa huduma akishindwa kazi, chuo humbadilisha yeye bila kubadilisha programu. Lakini kumbukeni kwamba GPL yenyewe haitoi dhamana. Wajibu wa fundi lazima uandikwe kwenye mkataba wa huduma.

Mnapoandaa zabuni

- Elezeni kazi inayotakiwa badala ya kutaja jina la bidhaa.
- Linganisheni gharama zote za miaka mitano, si bei ya leseni peke yake.
- Ulizeni jinsi chuo kitakavyopata kumbukumbu zake mkataba ukiisha.

Maswali ya kujadiliana

- Chuo chetu hulipia leseni zipi kila mwaka? Nani kati yetu amewahi kuzisoma?
- Tukitaka kuacha programu tunayotumia sasa, tutaweza kuondoka na kumbukumbu zetu?