Lori la Kupunguza Matawi Likiwa Kazini, Kaa Mbali

Msimu wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, unapokaribia, matawi yanayoning'inia juu ya barabara na nyaya za umeme huhitaji kupunguzwa. Kazi hiyo hufanywa kwa lori lenye mkono mrefu unaomwinua mkataji akiwa ndani ya kikapu.

Hatari kubwa ni umeme. Nyaya za juu za nguzo nyingi hubeba volti 11,000 au 33,000. Umeme huo unaweza kuruka hewani kabla mkono wa lori haujagusa waya, na tawi bichi huupitisha.

Mkataji hufunga mkanda wake wa usalama kwenye mkono wa lori, kamwe si kwenye mti. Miguu ya lori nayo huwekwa kwenye ardhi ngumu, kwani udongo uliolowa unaweza kulipindua.

Wakazi wanaofika kuokota kuni wanahimizwa kusubiri hadi kazi iishe, wakiwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa mti.

Lori likigusa waya, usikimbilie kusaidia, kwa kuwa hata ardhi inayolizunguka huwa na umeme. Kaa zaidi ya mita 10, wazuie wengine, kisha upigie Kenya Power simu, nambari 97771. Dereva abaki ndani hadi umeme ukatwe. Moto ukizuka, aruke miguu ikiwa pamoja bila kugusa lori akitua, kisha asogee polepole akiburuta miguu bila kuitenganisha.