Lon Chaney: Mwigizaji Aliyekulia Katika Lugha ya Mikono

Wanafunzi wetu wanapofasili lugha kuwa ni mfumo wa sauti za nasibu, huwa tunawapa alama zote na kwenda kwenye swali linalofuata. Katika makala haya tunakusudia kuangalia maisha ya mtu mmoja yanayoitia fasili hiyo mashakani. Naye ni Lon Chaney, mwigizaji wa Marekani aliyevuma katika miaka ya 1920, wakati filamu hazikuwa na sauti.

Chaney alizaliwa tarehe 1 Aprili 1883 mjini Colorado Springs. Baba na mama yake walikuwa viziwi. Babu yake mzaa mama alianzisha shule ya viziwi ya Colorado mwaka 1874. Chaney mwenyewe alikuwa akisikia vizuri, lakini mazungumzo ya nyumbani yalikuwa ya mikono, macho na uso. Mama yake alipougua baridi yabisi na kushindwa kuinuka kitandani, mtoto huyo aliacha shule ili amuuguze. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimwigizia mama yake mambo aliyoyaona mjini.

Hapa yafaa tutofautishe ishara na lugha ya alama. Kumpungia mtu mkono wa kwaheri ni ishara. Lugha ya alama, kwa upande mwingine, ina msamiati na sarufi yake. Katika Lugha ya Alama ya Marekani, kwa mfano, kuinua nyusi huweza kuigeuza kauli kuwa swali. Hata hivyo, wanaisimu walichelewa kuutambua ukweli huu. Uchambuzi wa William Stokoe uliofungua njia ulichapishwa mwaka 1960, miaka 30 baada ya Chaney kufariki.

Chaney alianzia kwenye kazi za nyuma ya jukwaa, akaigiza katika vikundi vya kuzunguka miji, kisha akaingia kwenye filamu mnamo mwaka 1913. Kwa miaka kadhaa alipewa nafasi ndogondogo. Filamu ya The Miracle Man (1919) ndiyo iliyomtoa: aliigiza tapeli anayejifanya kiwete, kisha akajinyoosha mbele ya umati kana kwamba ameponywa. Katika The Penalty (1920) alifungwa miguu kwa nyuma, akatembea kwa magoti kama mtu aliyekatwa miguu yote miwili.

Mwaka 1923 aliigiza Quasimodo katika The Hunchback of Notre Dame. Quasimodo ni kibiongo mpiga kengele, ambaye kengele hizohizo zimemfanya kiziwi. Basi mtoto wa viziwi akapewa kumwakilisha kiziwi mbele ya ulimwengu. Ikafuata The Phantom of the Opera (1925). Uso wa kutisha wa mhusika wake aliutengeneza mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi yake, na watazamaji wakampachika jina la mtu mwenye nyuso elfu moja. Lakini rangi za usoni peke yake hazisemi. Chini yake kulikuwa na macho, mabega na vidole vilivyozoea tangu utotoni kubeba maana.

Filamu zilipoanza kusema, wengi walijiuliza kama Chaney angefaa. Aliwajibu katika The Unholy Three (1930), alimotumia sauti tano tofauti, ikiwamo ya bibi kizee na ya kasuku. Hiyo ndiyo filamu yake pekee yenye sauti. Alifariki kwa saratani tarehe 26 Agosti 1930, wiki chache tu baada ya filamu hiyo kutoka. Inasimuliwa kwamba siku za mwisho sauti ilimpotea, akarudi kuzungumza kwa mikono kama alivyofanya na wazazi wake.

Maisha haya yanatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Tunafundisha fasihi simulizi kwa maandishi matupu, ilhali fanani husimulia kwa mwili mzima. Mwanafunzi anayekusanya ngano na kuandika maneno tu amerudi na nusu ya ngano. Aidha, bado tumezoea kumwita kiziwi "bubu", kana kwamba hana lugha. Wazazi wa Chaney walikuwa nayo, na mtoto wao aliirithi. Tunapendekeza basi kwamba fasili ile ya darasani isemwe hivi: lugha ni mfumo wa sauti au alama za nasibu. Ni nyongeza ya maneno mawili tu, lakini inawaingiza ndani watu tuliokuwa tumewaacha mlangoni.