Kapteri ya mtetemo: mbele ya kuamini namba, angalia kwanza ile skurubu

Kijana akitoka Poly ya UNILU ao UNIKOL na kuingia sitaji kwenye kiwanda upande wa Tenke na Fungurume, mara mingi kazi ya kwanza anayopewa ni kuzunguka na kisanduku cha kupima mtetemo. Pompi hii, moteri ile, andika namba, endelea. Wengi wanaionaka kama kazi ya watoto. Mimi ninaona kinyume. Ile namba unayoandika njo mtu mwingine atasoma kesho asubuhi na kuamua kama fundi anaweza kusimama kando ya pompi ya asidi, ao kama mashini isimame leo usiku. Na chini ya namba kuna jina lako.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mwezi wa 5 mwaka 2025, wakati kazi ya chini ya ardhi ilisimamishwa kule Kakula sababu ya mitetemo ya mwamba na maji kuingia, neno "mtetemo" lilikuwa kwenye kinywa cha kila mtu hapa Lualaba. Ule ni mtetemo wa ardhi, una wataalamu wake na vyombo vyake. Hapa tunazungumza mtetemo wa mashini: moteri, pompi, vinu vya kusaga mawe, feni kubwa, visanduku vya gia. Chombo kinachotumika sana kwa kazi hii ni kihisi cha piezo, ile tunaitaka kapteri.

Ndani yake mnafanyika nini? Mwaka 1880, ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani, kwa mfano kwatzi, ukizibana zinatoa chaji ya umeme. Neno "piezo" linatoka kwenye Kigiriki, maana yake kubana. Ukitaka mfano wa karibu, chukua kile kiberiti cha gesi kinacholia "tak" kisicho na betri wala jiwe: cheche inatoka kwenye fuwele iliyopigwa na nyundo ndogo.

Kwenye kapteri hakuna nyundo. Kuna kipande kizito cha chuma kimekaa juu ya fuwele, vyote vimefungwa ndani ya kopo la chuma. Mashini inatikisa kopo. Kile kipande kizito kinakataa kufuata haraka, kinaibana fuwele na kuiachilia, mara elfu kwa sekunde ikibidi. Chaji inayotoka inalingana na mchapuko. Chaji hiyo ni ndogo sana, kwa hiyo kapteri nyingi za kiwandani zina sakiti ndogo ndani yake inayoigeuza kuwa volti. Kipimo cha kawaida ni milivolti 100 kwa kila g moja.

Kutokana na hayo kuna jambo ambalo vijana wanalisahauka. Fuwele inaonyesha mabadiliko tu. Ukiibana na kuiacha imebanwa, chaji inavuja na kuisha. Sababu hiyo, ule mtihani wa kugeuza kapteri juu chini ili kuona mvuto wa dunia haufai hapa. Unafaa kwa vile vihisi vidogo vya kwenye simu. Ukiujaribu kwenye piezo utaona sifuri na utaitupa kapteri nzima.

Sasa tuje kwenye skurubu. Kapteri haipimi mashini. Inapima mtikisiko wake yenyewe, na sisi tunatumaini kwamba inatikisika sawasawa na mashini. Tumaini hilo linategemea jinsi ilivyofungwa. Ikifungwa kwa skurubu juu ya chuma kilichosawazishwa vizuri, na mafuta kidogo sana katikati, inaweza kusikia mpaka karibu herzi 10,000. Ikishikwa na sumaku juu ya sehemu iliyopinda, hesabu karibu 2,000. Ukiishika kwa mkono na kijiti, hata 1,000 ni taabu. Na rulema (wengine wanasemaka beringi) ikianza kupasuka, dalili za mapema zinajitokeza kule juu, kwenye maelfu ya herzi. Ukiweka sumaku juu ya rangi nene na vumbi jekundu la kiangazi, umeweka chemchemi katikati. Mashini inalia, kapteri iko kimya, na wewe unaandika "iko bien". Kukaza kupita kiasi pia ni kosa, maana kunapinda kitako cha kapteri. Tumia ufunguo wenye kipimo cha nguvu na ufuate namba ya mtengenezaji. Kwa kawaida ni newtonmita chache tu.

Kitu cha pili ni kable. Kabla ya kusema kapteri imekufa, shuku kable na kiunganishi chake. Hapa kwetu kuna maadui wawili: mvuke wa asidi kwenye viwanda vinavyoyeyusha shaba kwa asidi ya salfuriki, na maji ya masika. Unyevu kidogo ndani ya kiunganishi unatosha kuharibu. Ile nyavu ya chuma inayozunguka waya iunganishwe na ardhi upande mmoja tu. Ukiiunganisha pande zote mbili, umeme wa moteri unapata njia ya kuzunguka, na unaona herzi 50 na mafungu yake kwenye skrini wakati mashini ni nzima. Kable isiachwe ikining'inia na kupigapiga. Ifunge karibu na kapteri, uache kijikunjo kidogo.

Namna ya kujua afya ya kapteri bila kuigusa iko, tena ni ya bei ndogo: multimeta. Kapteri yenye sakiti ndani inalishwa kwa kawaida volti 24, na mkondo wa miliampea chache. Ikiwa nzima, inakaa karibu katikati, mara mingi volti 10 mpaka 14. Pima kwenye kisanduku cha viunganishi, volti ya moja kwa moja. Ukikuta karibu 24, njia imekatika: waya umetoka ao kiunganishi kimefunguka. Ukikuta 0, kuna waya zinagusana ao chakula hakifiki. Ikipandapanda na kushuka, fikiria maji, joto, ao ardhi mbaya. Andika ile volti kila mara, na tarehe. Umeme ukirudi baada ya delestaji, ngoja kapteri itulie kwanza mbele ya kusoma. Ile namba ya sekunde za kwanza si ya mashini.

Kuhusu joto, nitakaa kidogo, maana hapa njo kengele nyingi za uongo zinazaliwa. Moteri ina joto, jua limepiga, halafu mvua ya kwanza ya mwezi wa 10 ao wa 11 inaanguka juu ya kapteri isiyofunikwa. Kopo linapoa ghafula, linasinyaa, linaibana fuwele. Fuwele haijui kama imebanwa na mtetemo ao na baridi. Inatoa chaji tu. Ishara hiyo ni ya polepole sana. Sasa programu inageuza mchapuko kuwa kasi, na hesabu yake ni kugawanya kwa 2π mara herzi. Kitu kidogo kikigawanywa kwa herzi ndogo kinakuwa kikubwa: kelele ya 0.1 m/s² ku herzi 1, kama hujaichuja, inageuka karibu 16 mm/s. Kwa moteri ya ukubwa wa kati iliyofungwa juu ya msingi mgumu, kanuni za ISO 20816-3 zinaweka mpaka wa hatari ku 4.5. Kwa hiyo skrini inapiga kelele, mashini inasimamishwa saa 8 za usiku, watu wanafungua, hawakuti kitu. Ikitokea mara tatu, watu wa chumba cha udhibiti wanazima ile kengele. Ya nne ndiyo ya kweli. Kifuniko cha mpira juu ya kapteri ni dawa ya bei ndogo kuliko usiku ule mmoja.

Haya yote ni matunzo. Kuhakiki kipimo ni kitu kingine: ni kuuliza kama milivolti 100 zilizoandikwa kwenye cheti bado ni 100. Fuwele za kauri, ambazo ziko kwenye kapteri nyingi za viwandani, zinapoteza nguvu polepole kwa joto na mapigo. Kwatzi inatulia zaidi. Adui mkubwa kabisa ni sakafu. Kapteri ikianguka juu ya saruji kutoka urefu wa kiuno, inaweza kupata pigo la maelfu ya g. Kwa nje hakuna hata alama.

Kwa nini kujali? Fanya hesabu. Tuseme kapteri imepoteza asilimia 15. Moteri inatetemeka 5.0 mm/s, imeshavuka mpaka wa 4.5. Kapteri inasema 4.25. Wewe unaandika "kuendelea kufuatilia", na unakwenda kula. Kuna kosa lingine baya zaidi, lisilotokana na fuwele: kapteri ya milivolti 500 imeharibika, wameweka ya milivolti 100, hakuna mtu aliyebadilisha mpangilio kwenye programu. Kila kitu kinasomwa mara tano chini. Mashini ya 7 inaonyesha 1.4, na kila mtu anasifu ile moteri.

Kosa kama hili unaligundua kwa kitikisio cha mkononi. Ni kisanduku chenye betri kinachotikisa kwa mtikisiko unaojulikana: 10 m/s² ku herzi 159.2. Hiyo namba ya ajabu wameichagua kwa sababu 2π mara 159.2 ni karibu 1,000 kamili. Matokeo yake ni mazuri: mchapuko 10 m/s², kasi 10 mm/s, mwendo mikroni 10. Kumi, kumi, kumi. Funga kapteri juu yake, iache kwenye kable yake ileile, na umwombe mwenzako wa chumba cha udhibiti asome. Kama utaratibu wa pale ni wa heshima: "Papa, soma njia ya saba, inasema ngapi?" Akijibu 10, mnyororo mzima uko sawa, kutoka fuwele mpaka skrini. Akijibu 2, umeshajua pa kutafuta.

Lakini usidanganyike na ile kumi. Umeipima kwenye herzi moja tu, na umeipima mezani. Skurubu mbovu, rangi, kitako kilichopinda, vyote umeviacha kule kwenye mashini. Kwa hiyo chukua picha ya mtetemo mbele ya kuitoa kapteri, na picha nyingine baada ya kuirudisha, mashini ikiwa kwenye kazi ileile. Kama sehemu ya juu ya masafa imepungua, ni wewe umeifunga vibaya, rulema haijapona.

Kwa masafa mengine inabidi kulinganisha mgongo kwa mgongo: kapteri ya rejea chini, ile unayoihakiki juu yake, zote mbili juu ya kitikisio kikubwa, unabadilisha herzi na kugawanya volti moja kwa nyingine. Utaratibu umeandikwa kwenye ISO 16063-21. Juu yake kuna ngazi ya mwisho, ya miali ya leza, inayopima mwendo wenyewe. Afrika Kusini wanayo, kwenye taasisi yao ya taifa ya vipimo, NMISA, Pretoria. Sasa fikiria kupeleka kapteri 50 mpaka Pretoria kupitia Kasumbalesa, na makaratasi yake. Kwa maoni yangu hakuna haja. Nunua moja nzuri ya kwatzi, iweke kwenye sanduku lenye sifongo, isiguse mashini hata siku moja. Hiyo peke yake isafiri. Zile nyingine zilinganishwe nayo hapahapa.

Na daftari. Namba ya kapteri, mahali ilipo, milivolti zake, volti ya katikati, tarehe. Iliyokuwa 98, halafu 97.5, halafu 97, inazeeka tu kama sisi. Iliyokuwa 98 na leo ni 89, imeanguka ao imechomwa, hata kama hakuna anayekubali. Kuna wanaoingiza 89 kwenye programu na kuendelea. Mimi ninakataa. Fuwele iliyopasuka haitakaa 89, badilisha kapteri.

Neno moja tena kwa wanaoanza. Kapteri nyingine zimeunganishwa na kinga inayosimamisha mashini. Usiitoe mbele ya kupata karatasi ya kazi, mbele ya mashini kufungwa na kufuli yako kama mkono wako unapita karibu na mhimili, na mbele ya chumba cha udhibiti kuzima kinga ya njia ile. Ukimaliza, usitume ujumbe kwenye simu. Panda mwenyewe, simama nyuma ya yule papa, na ungoje mpaka uone kwa macho yako ile kinga imewashwa tena, ndipo utie sahihi.