Je, Wajua? Vita vya Zamu: Usiku, Mlima na Bahati

Je, wajua kuwa The Battle for Wesnoth, mchezo wa kompyuta wa vita vya kupokezana zamu ulioanzishwa na David White mwaka 2003, ni wa bure mpaka leo?

Je, wajua kuwa humo hata saa inapigana? Siku moja ni zamu sita: alfajiri, mbili za mchana, magharibi, mbili za usiku. Mpiga mkuki wa kibinadamu huongezewa nguvu kwa asilimia 25 mchana na kupunguziwa kiasi hichohicho usiku. Mifupa inayotembea ni kinyume chake: pigo lake la pointi 7 huwa 9 usiku na 5 mchana. Ndiyo maana mjuzi anayeongoza wanadamu hurudi nyuma jua likizama, akajibanza kijijini, ambako majeruhi hurudishiwa pointi 8 za uhai kila zamu, akasubiri kupambazuke. Wenye pupa huuita huo woga. Waache.

Wajua kuwa ardhi ni ngao? Mbilikimo akiwa mlimani, shambulio la kawaida lina nafasi 30 tu kati ya 100 za kumpata. Mchawi hajali mlima: uchawi wake hupata kwa asilimia 70 popote. Mchawi wa ngazi ya kwanza hurusha makombora matatu kila anaposhambulia, na uwezekano wa kukosa yote ni chini ya 3 kati ya 100. Ni nadra, ila hutokea siku ileile uliyomtegemea yeye peke yake.

Je, wajua pigo la mwisho lina bei? Kupambana tu na adui wa ngazi ya kwanza hukupa pointi 1 ya uzoefu, kumuua, 8. Basi wakongwe humdhoofisha adui, kisha humwachia kuruta amalizie.

Je, wajua kuwa katika Fire Emblem, mchezo mwingine wa vita vya zamu uliotoka Japani mwaka 1990, askari akifa kwa kawaida harudi tena? Chaguo la kuwarejesha baada ya pambano lilikuja mwaka 2010.

Na hili ndilo tamu zaidi: ili kuamua kama pigo limepata, toleo lake la 2002 lilianza kuchota namba mbili za bahati nasibu na kutumia wastani wake. Kioo kikionyesha nafasi 90 za kupata, ukweli ni kama 98. Kikionyesha 10, ni kama 2. Wesnoth haina huruma hiyo, 70 yake ni 70 kweli. Ukihamia huko kutoka Fire Emblem, punguza ujasiri.