Tuzo za watafiti vijana: dakika tatu jukwaani, lakini kwa lugha ya nani?

Dakika tatu. Picha moja tu ukutani, isiyosogea. Hakuna muziki, hakuna chombo cha maabara mkononi, hakuna kuimba wala kughani mashairi. Ukipitisha muda, unaondolewa. Hizo ndizo sheria za mashindano ambayo leo yanafanyika katika vyuo vikuu vya nchi zaidi ya 80. Mwanafunzi wa doktora anasimama mbele ya watu ambao hawakusomea kazi yake, na anatakiwa kuwaeleza alichotafuta kwa miaka mingi, alichokipata, na kwa nini kina maana.

Mashindano hayo yalianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Queensland, nchini Australia. Chanzo chake kinachekesha kidogo. Wakati ule kulikuwa na ukame mkali, na wakaaji walihimizwa kuweka bafuni saa ndogo ya dakika tatu, ile ya kupimia yai linalochemka, ili wasimalize maji wakioga. Mkubwa mmoja wa chuo akaona muda huo unaweza kuwatosha pia wanafunzi wake kueleza tasnifu zao.

Mwaka 2012 shirika la wanasayansi la Acfas, huko Québec nchini Canada, liliyaingiza katika Kifaransa kwa jina la «Ma thèse en 180 secondes». Ufaransa ilifuata mwaka 2014. Afrika nayo haikubaki nyuma: fainali ya kimataifa ilifanyika Rabat mwaka 2016, kisha Dakar mwaka 2019.

Katika siku za utafiti za vyuo vingi, tuzo huwa za aina tatu: ya aliyezungumza vizuri, ya bango lililochorwa vizuri, na ya aliyependwa na watu waliokuwa ukumbini. Wako wanaosema kwamba tuzo hizo zinawapa nafasi wenye ulimi mtamu kuliko wenye utafiti wa maana. Wana haki kwa kiasi fulani, maana dakika tatu haziwezi kuonyesha kama hesabu za mtafiti ni sahihi. Kazi hiyo inabaki kwa maprofesa wanaosoma tasnifu nzima. Tuzo inapima jambo lingine: kama mtafiti anaweza kutoka chuoni na habari yake ikaeleweka.

Hapo ndipo kuna shida kwetu Congo. Utafiti unaandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiingereza ukienda kwenye majarida ya nje. Unatetewa kwa Kifaransa mbele ya jopo. Kisha unapelekwa maktaba. Mtu ambaye damu yake, shamba lake au kisima chake kilipimwa mara nyingi hajui kilichoandikwa.

Chukua mfano wa Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi. Tangu mwaka 2014 watu wanachimba kobalti hapo hapo mtaani, mashimo yakishuka kati ya nyumba na hata chini ya sakafu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya wakaaji. Matokeo yalitoka mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability. Walikuta kobalti nyingi mwilini mwa watu wa Kasulo kuliko mwilini mwa watu wa mtaa usio na uchimbaji, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwa watoto hao walikuta pia dalili za kuharibika kwa DNA, yaani yale maagizo yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili.

Mama wa Kasulo angeambiwa nini? Kwamba vumbi la yale mawe halibaki juu ya nguo tu, linaingia tumboni na kifuani. Kwamba mtoto anayecheza chini analimeza pia, hata kama hashuki shimoni. Maneno hayo hayahitaji kamusi. Yanahitaji mtafiti aliyezoezwa kuyatafuta, na hakuna zoezi linalofanana na hilo kama dakika tatu za mashindano.

Tumeshaona gharama ya kutoelewana. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane 2018, sayansi ilikuwa tayari na mengi ya kutoa. Kulikuwa na chanjo. Kulikuwa na dawa, mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki tangu mwanzo wake. Hata hivyo, wengi katika miji ya Beni na Butembo hawakuamini. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mlipuko ulipomalizika mwezi wa sita 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa. Lugha peke yake haikuwa sababu: kulikuwa na vita, na hasira za uchaguzi uliocheleweshwa. Lakini habari za ugonjwa zinazofika kwa lugha ya wageni na kwa magari ya wageni zinapokelewa kwa mashaka.

Katiba ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifaransa ni lugha rasmi, na hakuna anayeomba kiondolewe chuoni. Lakini kama Acfas iliweza kuchukua mashindano ya Kiingereza na kuyafanya ya Kifaransa, hakuna sheria inayokataza chuo cha Lubumbashi, Bukavu au Kisangani kuweka tuzo moja ya Kiswahili pembeni ya zile zilizopo.

Maprofesa wengine watajibu kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Radio Okapi inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne tangu mwaka 2002, na kila siku waandishi wake wanaeleza bajeti, kipindupindu na volkano bila kusubiri kamusi ikamilike. Tena, neno likikosekana, mtafiti analazimika kusema jambo lenyewe. Mara nyingi hapo ndipo anagundua kama analielewa.

Gharama si kubwa: ukumbi, saa, picha moja kwa kila mshindani. Kigumu kitakuwa kuchagua waamuzi. Wakiwa maprofesa watano, watashindwa kutoa hukumu ya haki, kwa sababu wao wataelewa hata kilichoelezwa vibaya. Muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu wa shule ya msingi na mchimbaji wa Kolwezi wangefaa kukaa mezani pamoja nao, na kura zenye uzito uleule.